Filamu imevunjika kabla ya kupigwa. Nianze upya au niache, na wazee nitawaambia nini?

SWALI

«Jambo Yaya, mkubwa wangu. Niko Lubumbashi, Kongo, katika komini (wilaya ya mji) inayoitwa Kenya. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandaa filamu yangu ndefu ya kwanza, hadithi ya familia ya mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliyechukua pesa za kuondoka kwa hiari mwaka 2003. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Tulipaswa kuanza kupiga mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika. Mwezi wa nne mtayarishaji mwenza wa Ulaya akaniandikia barua pepe ya mistari minne: mfuko wa filamu wa nchi yao umekataa, wao hawaendelei. Mifuko mingine miwili iliyokuwa imeshakubali ikaanguka pamoja naye. Nina timu ya watu kumi na wanne. Nina wazee watatu, wote walikuwa wafanyakazi, waliofanya mazoezi nami mwaka mzima, na mmoja wao sasa yuko hospitali. Nina deni la likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, dola 1,800. Habari hii anaijua kaka yangu peke yake, naye amesema sasa nitafute kazi ya kweli. Silali. Nazunguka njia nyingine nisipite karibu na kwa wazee. Nianze upya au niache kabisa? Na wazee nitawaambia nini?»

JIBU

Mdogo wangu, pole sana. Miaka sita si mchezo, na mistari minne ni njia mbaya ya kupewa habari kama hiyo.

Umeuliza maswali mawili. Naanza na la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. Kuanza upya au kuacha hakuna jibu leo, na yeyote atakayekupa jibu leo, awe kaka yako au mimi, anakisia tu. Lakini wazee, timu, likelemba na karatasi za haki vina jibu, na naamini ndivyo vinavyokunyima usingizi kuliko filamu yenyewe. Kilichovunjika ni maandalizi: tarehe, bajeti, makubaliano, ahadi za mwezi wa sita. Hayo yafungwe, tena yafungwe mbele za watu. Usipoyafunga, utaendelea kuishi kama mtu anayedaiwa na kila anayepita barabarani, na hapo hutaweza kuomboleza wala kuandika.

Kabla ya hapo tuelewane juu ya kilichotokea, maana naona unaisoma ile barua pepe kama hukumu juu ya kazi yako. Filamu ya kwanza ya Mkongo ikitafuta pesa Ulaya, karibu kila senti huja na sharti. Mfuko wa nchi fulani humpa pesa mtayarishaji aliyesajiliwa katika nchi hiyo, hakupi wewe, na humtaka atumie sehemu ya pesa hizo kwao, kwa mfano kuwalipa wahariri na mafundi wa sauti wa huko. Mfuko wa World Cinema Fund wa tamasha la Berlin, ulioanza mwaka 2004, unataka uwe na kampuni ya Ujerumani pembeni yako. Ule wa Ufaransa wa Aide aux cinémas du monde, ulioanza mwaka 2012, unataka kampuni ya Ufaransa. Wengine wanakubali kwa barua inayosema «tutatoa, endapo sehemu iliyobaki ya bajeti itakuwa imepatikana ifikapo tarehe fulani». Kampuni moja ikijitoa, pesa zake zinaondoka nayo, bajeti inabaki na pengo, na wale waliokubali kwa sharti wanajiondoa hata kama wanaipenda hadithi. Mifuko yako miwili haikubadili mawazo juu ya skripti. Hesabu tu haikutimia.

Sisemi hivi kukubembeleza. Inawezekana kabisa kwamba ule mfuko uliokataa uliona udhaifu wa kweli. Mwombe yule mtayarishaji akutumie maoni ya wasomaji wa mfuko kama anayo, kisha yaweke mahali usiyafungue kwa mwezi mzima. Ukiyasoma sasa, kila neno la kukosoa utaliona ni msumari, na kila neno la kusifu utaliona ni unafiki.

Sasa wazee.

Uende mwenyewe, na uende kabla hujawaambia timu, kwa sababu timu ina watu kumi na wanne na habari ya watu kumi na wanne hufika komini ya Kamalondo kabla ya jua kuzama. Usitume ujumbe. Usimtume mtoto wa mzee. Usiende mikono mitupu. Sukari, sabuni au unga, kiasi ulichonacho, na kama una shangazi au mjomba wanayemheshimu, umwombe akusindikize. Keti nao kwenye lupango, uani kwao, subiri salamu ziishe, kisha sema maneno machache yanayoeleweka. Mimi ningesema hivi: «Papa, pesa za filamu zimekataliwa. Hatutaanza mwezi wa sita. Tarehe nyingine sina, wala sitaki kuwadanganya kwamba ninayo. Hamkukosea kitu. Kazi mliyofanya nami naiheshimu, na sauti zenu nilizorekodi ni zenu. Nataka tuongee mnataka nizifanyie nini.» Kisha nyamaza. Acha wao waongee.

Najua unachoogopa. Unaogopa uso wa mzee aliyewaambia majirani kwamba ataonekana kwenye sinema. Lakini wafikirie vizuri hawa watu ni nani. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wengi wao wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Kampuni iliyokuwa inawapa kazi, nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ilijitoa katika maisha yao. Katika mji mzima wa Lubumbashi huna watu wanaojua zaidi yao maana ya kazi kubwa kuvunjika kwa karatasi moja. Na wanajua kitu kingine ambacho skripti yako, kama nimeielewa, inakisema: kilichowaumiza si pesa peke yake, ni kuachwa wasubiri, kuambiwa «wiki ijayo» mpaka wiki zikawa miaka. Ukikaa kimya unawarudisha kwenye ile foleni. Ukienda ukawaambia uso kwa uso, unawatendea jambo ambalo filamu yako inalalamika kwamba hawakutendewa. Kwa maoni yangu, hakuna tukio katika skripti yako lenye uzito kuliko hilo.

Tahadhari moja. Wazee wakisikitika, ulimi wako utataka kuahidi. «Tutafanya tu, Papa, Mungu akipenda, hata mwakani.» Jizuie. Ahadi ya namna hiyo inakutuliza wewe jioni moja na inamweka yeye dirishani mwaka mzima.

Siku hiyo hiyo, ukitoka kwa wazee, waandikie timu. Hapa ujumbe wa simu unatosha kwa wengi wao, isipokuwa mpiga kamera wako na msaidizi wako wa kwanza, ambao uwapigie. Ujumbe uwe na mambo manne na usizidi: kilichotokea, kwamba hakuna tarehe mpya, kwamba kila mtu yuko huru kuchukua kazi nyingine kuanzia leo, na malipo. Mfano: «Jambo wote. Mtayarishaji wa Ulaya amejiondoa na bajeti haikutimia. Hatutapiga filamu mwezi wa sita na sina tarehe nyingine. Aliyepata kazi aichukue, asinisubiri. Siku za mazoezi ambazo sijalipa nimeziandika. Nitapita kwa kila mmoja tuzihakiki, na nitalipa kidogo kidogo.» Sehemu ya kuwa huru ndiyo waongozaji wengi huiacha, kwa sababu kuiandika kunauma. Lakini kiangazi ndiyo msimu wa kazi kwa watu wa kamera hapa kwetu, wa harusi na wa shughuli za nje, na fundi wa sauti anayekungoja wewe mwezi wa tano na wa sita atakuwa amepoteza mkate wa mwaka. Wengine watakasirika. Wakubalie. Usijieleze zaidi ya mara moja, na usimseme vibaya mtayarishaji mbele yao, hata kama unayo ya kusema. Mji huu ni mdogo na ulimwengu wa mifuko ya filamu ni mdogo zaidi.

Jambo la pili lenye haraka ni karatasi, na hapa naomba uwe mkali.

Rudi kwenye kila kitu ulichotia sahihi na huyo mtayarishaji. Skripti ni yako kwa kuwa umeiandika. Nchi yetu iko katika Mkataba wa Berne, na sheria yetu ya haki za mtunzi ni ile ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986. Mtunzi hahitaji muhuri wa mtu ili awe mtunzi. Lakini kama uliweka sahihi kumwachia haki za kuitengeneza kwa muda fulani, au kumkabidhi kabisa, basi kujiondoa kwake kwa barua pepe hakurudishi haki hizo zenyewe kwako. Utazikuta miaka mitatu baadaye, siku mtayarishaji mwingine anapouliza mnyororo wa haki, yaani karatasi zinazoonyesha haki zimepita kwa nani na nani, na mtu uliyemsahau anabisha mlangoni. Mwandikie sasa, kwa adabu, wakati bado anaona haya kidogo kwa kukuacha. Mwombe barua iliyotiwa sahihi inayosema kwamba kampuni yake haina tena haki yoyote juu ya skripti, kichwa cha filamu, picha na sauti ulizokwisha kurekodi. Huenda akajibu kwamba alitumia pesa katika maandalizi na anataka arudishiwe. Ni ombi la kawaida, lina utaratibu wake. Usikubali kulipa sasa wala kwa tarehe maalumu. Kubali, kama ni lazima, kwamba kiasi kilichothibitishwa kwa risiti kitalipwa siku ya kwanza ya kupiga filamu, ikiwa filamu itapigwa, kutoka katika bajeti ya filamu. Isipopigwa, hakuna deni. Mpe mwanasheria mmoja aisome kabla hujatia sahihi, hata kama itabidi umlipe kwa kumpigia picha za harusi ya binti yake.

Likelemba. Nenda kwa mama mwenyekiti kabla zamu yako haijafika, usisubiri afuate yeye. Mpe kiasi cha kila mwezi unachoweza kulipa hata katika mwezi mbaya, kiwe kidogo namna gani, na ukilipe. Dai avansi zako zirudi: lori, chakula, jenereta, kama ulitanguliza chochote, wengi watarudisha sehemu ukienda mapema na bila kelele. Salopete ulizoshonesha kwa matukio ya kambi ya wafanyakazi, ziuze. Kinasa sauti usiuze, sababu nitaisema chini. Na usikope mahali pengine ili «kuokoa» tarehe za mwezi wa sita. Nimeona wasanii wenye akili nyingi wakifanya hivyo, na sababu inaeleweka: mtu akishaweka miaka sita, anaona kuweka miezi sita zaidi ni heshima kwa ile ya kwanza. Watafiti wawili wa Marekani, Arkes na Blumer, waliionyesha tabia hiyo mwaka 1985 kwa tiketi za msimu wa maonyesho. Walionunua kwa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa bei bila kujua kwamba watapunguziwa, ingawa michezo ilikuwa ile ile. Walikuwa wanafuata pesa zao. Swali lako la kila siku kuanzia sasa liwe: kama ningeisikia hadithi hii leo kwa mara ya kwanza, ningeiwekea dola hii?

Kuhusu kaka yako, usigombane naye. Amekuona huli wala hulali, na «kazi ya kweli» ndiyo dawa pekee anayoijua. Nusu ya alichosema ni sahihi: unahitaji kipato, na unahitaji mahali pa kwenda asubuhi ambapo mtu anakungoja na kazi inaisha jioni. Piga harusi, piga video za mafunzo ya usalama za kampuni za migodi, fundisha vijana kamera. Waongozaji wazuri wa nchi hii wamekula kwa kazi hizo na hawakupungua. Nusu nyingine, ile inayosema kwamba miaka sita haikuwa kazi, usiibebe.

Halafu kuna wewe mwenyewe.

Mtu akifa Lubumbashi, kila mmoja anajua la kufanya. Viti vinaletwa, wamama wanapika, wanaume wanakaa nje na makaa yanawaka mpaka asubuhi, na siku ikifika matanga yanavunjwa na watu wanarudi kazini. Filamu ikifa hakuna anayeleta kiti. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni za aina hii, ambazo jamii haizitambui kwa sababu haioni maiti: mimba iliyotoka, mpenzi wa siri, kazi iliyopotea. Mwenye huzuni hiyo anaumia mara mbili, kwa kilichoondoka na kwa kuonekana anajifanya. Nakuambia wazi kwamba hujifanyi. Umepoteza kitu ulichokaa nacho kila siku kwa miaka sita, kilichokuwa na sura za watu, mwanga na sauti, na tena kilihusu baba yako. Lia. Chagua watu wawili au watatu, labda wa timu, mkae jioni moja makusudi kwa ajili ya filamu hii: mzungumzie picha mlizotaka kuzipiga, mcheke mazoezi yalivyokuwa, mle bukari, ugali wetu, mwachane. Si upuuzi. Huzuni iliyopewa siku yake haikuvizii ovyo.

Na uandike mpango. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister walichapisha majaribio juu ya kazi zilizoachwa nusu, jinsi zinavyoingilia akili ya mtu anapofanya jambo jingine. Waliopewa nafasi ya kuandika mpango kamili, lini na wapi na vipi, hawakusumbuliwa tena kiasi kile, ingawa kazi yenyewe ilikuwa bado haijafanywa. Ndiyo maana nakuomba uandike kwenye karatasi: Jumamosi wazee, jioni timu, Jumatatu barua ya haki, Jumatano mama mwenyekiti. Saa nane za usiku, akili ikianza kukuuliza, jibu lipo mezani.

Hilo la kuzunguka njia nyingine, likomeshe mapema. Njia unayoikwepa inazidi kuwa ndefu kila wiki. Ukishawaona wazee itafunguka yenyewe.

Lakini kama zimepita wiki mbili na bado hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, au ukaanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, hapo si suala la filamu tena. Nenda kwa daktari, na mwambie kaka yako akupeleke. Mjini kwetu kuna kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain, na mtu anayekwenda huko si kichaa, ni mgonjwa kama wa malaria. Usiku wa wazo la namna hiyo usikae peke yako hata saa moja, mwamshe mtu. Na watakaokuambia tu kwamba Mungu hakutaka, wasikilize kwa heshima, salini pamoja ikiwa unasali, na bado uende.

Nimefika kwenye swali lako la kwanza, na nitakuambia ninachofikiri bila kukipamba.

Wataalamu wa kazi yetu wanapenda kusimulia filamu zilizokufa zikafufuka. Mimi nazisimulia kwa woga, kwa sababu filamu nyingi zilizovunjika katika hatua uliyofikia hazirudi katika umbo lile lile. Sembène Ousmane, mzee wa sinema ya Afrika, alibeba kwa miongo mradi wa filamu kubwa juu ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa. Alifariki mwaka 2007 bila kuipiga. Lakini hakukaa akiingoja. Alitengeneza nyingine, na ya mwisho ilitoka mwaka 2004 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Nadhani ni mfano wa kweli zaidi kuliko hadithi za ushindi: mradi mkubwa ulibaki sandukuni, mtu akaendelea kufanya kazi.

Mfano mwingine unatuhusu kwa karibu. Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyelelewa Kinshasa utotoni, alitaka kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya Patrice Lumumba, aliyeuawa hapa kwetu Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Safari ya kuja Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kupiga picha haikufanyika, katika utawala wa Mobutu. Angeweza kufunga daftari. Badala yake alibaki Brussels na kamera, akapiga barabara za mji ule, akatumia picha za zamani za familia, kumbukumbu zilizosimuliwa na mama yake, na mahojiano na waliokuwepo, na kule kutofika kwake kukawa sehemu ya filamu. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 akatoa filamu ya maigizo juu ya Lumumba huyo huyo, na hata hiyo ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, si Kongo. Angalia alichofanya: hakusubiri mlango ule ule ufunguke. Alijiuliza ana nini mkononi, mahali alipo, na kitu hicho kinaweza kusema nini ambacho mpango wa kwanza usingeweza.

Wewe una nini mkononi? Kwa barua yako, na kurasa za skripti ulizoambatanisha, una saa nyingi za sauti za wazee, una picha za mazoezi, na una tukio moja ambalo nimelisoma mara kadhaa. Ni ukurasa wa 31. Baba ameleta pesa za kuondoka. Anazihesabu kitandani, anazipanga kwa mafungu juu ya shuka: deni la duka, ada, paa, mtaji wa biashara ambayo bado haijui. Mama amesimama mlangoni na beseni, hasemi kitu. Baba anahesabu mara ya pili, fungu la biashara linapungua. Anahesabu mara ya tatu. Mtoto wa kike anaangalia kutoka chini ya meza.

Chumba kimoja, watu watatu, mchana mmoja. Haihitaji lori, haihitaji kambi ya mwaka 2003 ijengwe upya, haihitaji Ulaya. Inaweza kuwa filamu ya dakika kumi na mbili na kusimama kwa miguu yake. Lakini kuwa mwangalifu hapa, maana ndipo wengi wanapokosea: usiikate filamu ndefu iwe fupi. Skripti ya kurasa 90 iliyobanwa kwenye dakika kumi na tano inakuwa tangazo la filamu ambayo haipo. Filamu fupi inachukua hali moja na kukaa nayo mpaka mwisho. Hatutaki kujua baba alivyoanza kazi wala biashara ilivyokufa. Tunataka kujua kama mama ataingia chumbani au hataingia. Andika hiyo upya kutoka mwanzo, bila kufungua skripti ndefu, na usiandike sasa. Kiangazi kipite. Jacaranda zikianza kuchanua, mwezi wa tisa au wa kumi, kaa chini ujaribu. Maneno yakija, una kazi mpya, na skripti ndefu ikae mpaka uwe na filamu ya kuonyesha watu watakaoulizwa kuigharamia. Yasipokuja, na ukiona huna hamu hata ya kumjua yule mama, basi ruhusa ya kuacha unayo, na hutakuwa umemsaliti baba yako wala mtu mwingine.

Kitu kimoja tu hakiwezi kungoja mwezi wa tisa, nacho ndicho sababu ya kukuambia usiuze kinasa sauti. Wazee ni watatu na mmoja yuko hospitali. Wakikubali, warekodi sasa, pasipo filamu yoyote kichwani. Keti nao mmoja mmoja, mahali pasipo na redio wala jenereta ya jirani, kipaza sauti karibu na kifua. Usiwarudishe kwenye mistari ya mazoezi. Waulize vitu vya mikono: posho iligawiwaje, siku gani, mke alisimama wapi kwenye mstari, pesa za 2003 walizibeba katika nini mpaka nyumbani, kitu cha kwanza walichonunua. Kila mmoja aseme kwenye kinasa, kwa sauti yake, kwamba anakubali kurekodiwa na nani aruhusiwe kusikiliza. Nakala moja ipate familia yake, kwenye kadi wanayoweza kuichomeka kwenye simu. Nakala mbili ukae nazo kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, zimeandikwa jina na tarehe. Baadaye, kwa ruhusa yao, zungumza na watu wa historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliofanya kazi ndefu ya kukusanya kumbukumbu za mji huu pamoja na makumbusho. Watajua thamani ya ulichonacho hata kama hakuna fremu moja itakayopigwa.

Anza na yule wa hospitali, endapo yeye na watoto wake wanataka, na usimchoshe. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, na akisinzia, zima.